Ameniambia kila jiko lina dola 20 za kaboni kwa mwaka. Tumwamini?

"Sisi ni kikundi cha akina mama 23 hapa Mtwara. Tunatengeneza majiko banifu ya udongo yenye bati kwa nje, na tangu 2021 tumeuza kama 1,400 kuanzia Mikindani na Nanyamba hadi Tandahimba. Mwezi uliopita alikuja mtu akatuambia kila jiko linaweza kutuingizia dola 20 za kaboni kila mwaka. Anataka tulipe shilingi milioni 3 na nusu za usajili na tusaini mkataba wa miaka 15, yeye atatafuta wanunuzi Ulaya. Anasema tukichelewa nafasi zitajaa. Je, biashara hii ni ya kweli? Majiko tuliyokwisha kuuza yanahesabika? Na kijiji jirani kina msitu, tunaweza kuuingiza humo humo?"

Dada yangu, hiyo milioni 3 na nusu msiitoe. Nalitanguliza hilo kwa sababu umesema mnaharakishwa, na kikundi kinachoharakishwa huchanga kwanza kikauliza baadaye. Biashara ya kaboni ni ya kweli, na vikundi kama chenu vinaweza kupata kitu humo. Lakini msanidi wa kweli wa mradi, yaani anayeuandaa na kuusajili, ndiye anayegharamia maandalizi, kisha hurudisha gharama zake kwenye mauzo. Anayetaka alipwe na mtengeneza jiko kabla hajapima hata mzigo mmoja wa kuni anafanya biashara ya kukusanya ada, na hiyo haina uhusiano na kaboni. Soko hili halina viti vinavyojaa.

Nianze na jina, maana lenyewe limewachanganya wengi. Watu wametafsiri Kiingereza "carbon credits" kuwa "mikopo ya kaboni", na nimekutana na viongozi wa vikundi waliodhani ni fedha ya kukopa kama ile asilimia 10 ya mapato ambayo halmashauri hukopesha vikundi. Hakuna mkopo hapo. Kinachouzwa ni hati. Hati moja inathibitisha kwamba tani moja ya hewa ukaa, ambayo ingeingia angani, haikuingia kwa sababu ya kazi ya mtu fulani. Kampuni ya ng'ambo iliyojiwekea lengo la kupunguza uchafuzi wake, bila kulazimishwa na sheria, inainunua hati ile na kuifuta kwenye daftari la usajili ili isiuzwe tena. Ndiyo maana likaitwa soko la hiari.

Nyie mnaujua mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa hiyo nusu ya somo mnayo tayari. Mkulima hapeleki maneno AMCOS, chama chake cha ushirika, anapeleka korosho. Zinapimwa, zinapangwa daraja, anapewa stakabadhi, mnada unafanyika, fedha inakuja baadaye ikiwa imekatwa tozo. Kaboni inakwenda hivyo hivyo. Kazi inafanyika kwanza, mhakiki wa nje anakuja kupima, daftari la usajili linatoa hati, hati zinauzwa. Kutoka siku ya kuanza hadi shilingi ya kwanza, mwaka mmoja na nusu hadi miwili ni jambo la kawaida. Tofauti iko kwenye mzigo: korosho unaiona ndani ya gunia, ila kaboni ni moshi ambao haukutoka, na moshi ambao haukutoka hauwezi kuwekwa kwenye mizani. Hapo ndipo ugumu wote ulipo, na ndipo yule bwana aliporuka akatua kwenye dola 20.

Twende taratibu. Tuseme nyumba moja ya kijijini inayopikia mafiga matatu inatumia tani 3 za kuni kwa mwaka, na jiko lenu linapunguza asilimia 40. Kuni zilizookolewa ni tani 1.2. Kwa viwango vinavyotumika kimataifa, tani moja ya kuni ikiungua hutoa takriban tani 1.75 za hewa ukaa, kwa hiyo hapo tuna tani 2.1. Anayetaka kuwapendeza huishia hapa, anazidisha kwa 1,400, na kila mtu anapiga makofi. Lakini yamebaki maswali mawili.

La kwanza, kuni zile zilitoka wapi? Mti ukikatwa na mahali pake pakachipua mwingine, hewa ukaa iliyotoka jikoni inarudi kwenye mti mpya. Hesabu ya kaboni inalipa tu ile sehemu ya kuni inayokatwa kupita uwezo wa msitu kuota tena. Fikiria nyumba za kwenu zenyewe. Mkulima akipogoa mikorosho, mke wake anapikia yale matawi kwa wiki kadhaa, na mwakani mkorosho umetoa mengine. Kuni hizo ukiziokoa unamwokoa mama kichwa na mgongo, jambo kubwa kabisa, ila kaboni yake ni karibu na sifuri. Miaka ya nyuma miradi mingi Afrika ilidai kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kuni zake haziwezi kuota tena. Tathmini za karibuni zimeshusha kiwango hicho sana, na kwa miradi mingi sasa kinachokubalika bila utafiti wa ziada ni kama asilimia 30. Tani zetu 2.1 zimebaki 0.63.

La pili, jiko linatumika kweli? Niliwahi kukaa siku tatu jikoni kwa bibi mmoja huko Tandahimba, mzani wa kuning'iniza ukiwa kwenye tawi la mwembe nje, kila mzigo wa kuni ukipimwa kabla haujaingia ndani. Asubuhi chai na mchana ugali vilipikwa kwenye jiko banifu, na mambo yalikwenda vizuri, vijiti vichache tu. Jioni wajukuu wakaleta ming'oko, vile viazi vya porini, kapu zima. Bibi akatazama jiko, akatazama sufuria kubwa, akavuta mafiga yake yaliyokuwa pembeni ya ukuta. Sufuria ile haikai kwenye jiko lile. Moto wa ming'oko peke yake ulikula kuni kuliko milo miwili ya mwanzo ikijumlishwa. Kwenye dodoso la kawaida bibi yule angejibu, bila kudanganya, kwamba anatumia jiko banifu kila siku. Mzani ulisema jambo jingine.

Tukadirie basi kwamba matumizi halisi ni asilimia 70. Sasa jiko moja limebaki na tani 0.44 kwa mwaka. Majiko 1,400 mapya, yote yakiwa mazima, yatatoa kama tani 616. Hati za majiko huuzwa kwa bei zinazopishana mno kufuatana na ubora wa vipimo, lakini tuchukue dola 10. Hiyo ni dola 6,160, au kama shilingi milioni 15.4 tukikadiria dola kwa shilingi 2,500. Ukiondoa fungu la msanidi, uhakiki na safari za kupima, tuseme mmebakiwa na nusu, basi kila mwanachama kati yenu 23 anapata kama shilingi 335,000 kwa mwaka. Fedha hiyo ina maana, inalipa ada, inaezeka chumba. Lakini jiko limeleta dola 4.4 kabla ya makato, na ili lilete 20 hati moja ingebidi iuzwe zaidi ya dola 45. Mwambie yule bwana akuonyeshe nani ananunua hati za majiko ya udongo kwa bei hiyo.

Kwa nini nasisitiza hesabu ya kubana namna hii, wakati wengine bado wanatoa hesabu pana? Kwa sababu hesabu pana imekwisha liumiza soko lenyewe. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchambuzi wa miradi ya majiko katika nchi mbalimbali, wakaona hati zilizotolewa zilizidi upunguzaji halisi kwa zaidi ya mara 9. Oktoba mwaka huo huo waendesha mashtaka wa Marekani walimfungulia mashtaka aliyekuwa mkuu wa kampuni moja kubwa ya miradi ya majiko, wakimtuhumu kuhusika kuchezea takwimu ili kupata hati nyingi. Wanunuzi wakaingiwa hofu. Thamani ya soko la hiari duniani, iliyokuwa karibu dola bilioni 2 mwaka 2022, ikashuka hadi dola milioni 723 mwaka 2023. Sasa mnunuzi makini anadai kanuni mpya za vipimo, kuni zipimwe kwa mzani au jiko lifungwe kihesabio, na kwa hati za namna hiyo yuko tayari kulipa zaidi. Kwa hiyo kipimo cha kubana kinawapunguzia tani lakini kinawapandishia daraja, kama ilivyo korosho iliyoanikwa vizuri.

Kuhusu majiko 1,400 mliyokwisha kuuza, jibu langu halitakufurahisha. Kwa sehemu kubwa hayahesabiki. Soko hili linalipia jambo ambalo lisingetokea bila fedha ya kaboni. Nyie mlifinyanga, mkauza, mkapata faida yenu, na hakuna aliyewaahidi kaboni. Hilo ni jambo la kujivunia kibiashara, ila mhakiki atasema majiko hayo yangeuzwa hata hivyo. Taasisi za viwango kama Gold Standard na Verra zina mipaka ya kurudi nyuma, na zinataka ushahidi wa maandishi kwamba kaboni ilifikiriwa kabla mradi haujaanza. Isitoshe, udongo una umri wake. Jiko la 2021 huenda limepasuka tumbo na sasa kuku analalia humo. Yanayoweza kuhesabika ni majiko mapya, hasa mkionyesha kwamba fedha ya kaboni itashusha bei hadi kwa wateja ambao leo hawayamudu, au itawafikisha vijiji ambavyo hamjawahi kufika.

Hapo pia mwangalie upepo unavuma wapi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi ya gesi ya ruzuku imeanza kufika vijijini. Kadiri nyumba zinavyohamia gesi, zile tani 3 za kuni tulizoanza nazo zinapungua zenyewe, na sifa ya kupunguza si yenu tena. Mkataba wa miaka 15 juu ya jiko la udongo unawafunga kwenye ahadi ambayo nchi yenyewe inaipita njiani.

Mkataba huo nina neno nao zaidi, maana umenikumbusha kangomba. Mnaijua kuliko mimi: mtu anakuja kipindi cha njaa, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua, anampa mkulima fedha kidogo, na msimu ukifika mzigo si wa mkulima tena. Mikataba mibaya ya kaboni iko hivyo. Kikundi kinapewa kishika uchumba, kinasaini kwamba tani zote za sasa na zijazo, za bidhaa zote watakazotengeneza, ni mali ya mwingine kwa bei iliyogandishwa. Nimeisoma mikataba ya namna hii, na kipengele kibaya kuliko bei ni kile kinachosema kikundi kitafidia tani zikipungua. Yaani mhakiki akikuta majiko mengi yamepasuka, mnadaiwa. Kipengele hicho kikatalieni hapo hapo. Cha pili kutazama ni nani anashika orodha ya wateja na vipimo. Daftari lenu lenye jina, kijiji, simu na tarehe ya kila jiko ndilo shamba lenu. Msanidi apewe nakala, na mkataba useme wazi kwamba mkiachana, daftari linabaki kwenu. Muda usizidi miaka mitano hadi saba, fungu lenu liandikwe kama asilimia ya bei halisi ya mauzo pamoja na bei ya chini isiyovukwa, na mgogoro usuluhishwe hapa Tanzania. Mkienda kushtakiana London mmeshindwa kabla hamjapanda ndege.

Na kaboni ni ya nani hasa? Swali hili vikundi vingi husahau. Anayepunguza kuni ni mama aliyenunua jiko, kwa hiyo ni lazima akubali kwa saini au dole gumba kwamba anawaachia nyie haki hiyo, na aelezwe kwa lugha anayoielewa anapata nini: punguzo la bei, au kubadilishiwa tumbo la jiko bure likipasuka. Asijue mwakani kutoka kwa mhakiki kwamba moto wake umeuzwa Ulaya.

Sasa njia zilizopo. Kusajili mradi wenu peke yenu sikushauri. Hata mradi mdogo kabisa, ule usiozidi tani 10,000 kwa mwaka ambao Gold Standard huupunguzia masharti, una gharama za maandiko na uhakiki zinazoweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Nyie mna tani 616. Njia inayowafaa ni kuingia chini ya mwavuli wa mradi mkubwa uliokwisha sajiliwa, nyie mkawa wazalishaji, wasambazaji na wapimaji wa ukanda wenu. Kazi ya kupima na kufuatilia nyumba ina malipo yake hata bei ya hati ikianguka, na kwa maoni yangu ndiyo mapato ya uhakika zaidi kwa kikundi cha aina yenu. Njia ya tatu ni kutouza kaboni kabisa. Mkawa na vipimo safi vya kuni, wapo wafadhili wanaolipa kwa matokeo, kwa kila jiko linalothibitika kutumika. Wakati mwingine fedha hiyo huja mapema na bila miaka kumi ya minyororo.

Msiwekeze kwa kutegemea kaboni. Jiko lenu lijilipe lenyewe sokoni. Kaboni ije kama mvua ya nyongeza, na mkopo wowote wa halmashauri au wa VIKOBA usipangiwe marejesho kutoka humo.

Msitu wa kijiji jirani ni suala jingine kabisa, usichanganywe na majiko. Kaboni ya msitu wa hifadhi wa kijiji iko mikononi mwa kijiji chenyewe, na uamuzi ni wa mkutano mkuu wa kijiji, si wa kikundi chenu wala mwenyekiti peke yake. Ukanda wetu una uzoefu. Kuanzia 2009, kwa fedha za Norway, MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, na wenzao walijaribu malipo ya kaboni ya misitu katika vijiji vya Lindi, wananchi wakikaa kwenye mikutano na kuamua mgawo. Kilwa, shirika la kuhifadhi mpingo lilisaidia kubuni kanuni ya kupima kaboni inayookolewa kwa kudhibiti moto. Msitu wa miombo ukichomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto ni mdogo na miti inapona. Ukiachwa hadi Septemba, moto unapanda hadi matawini. Kikundi chenu kinaweza kupata kazi katika mradi wa aina hiyo, lakini kiingie kama mkandarasi wa kijiji.

Kama mmewahi kufikiria mikoko ya ghuba ya Mtwara, jueni kwamba mikoko yote Tanzania ni hifadhi ya serikali chini ya TFS, wakala wa misitu, na pasipo makubaliano ya usimamizi wa pamoja hakuna cha kuuza. Inawezekana, lakini kwa subira: wenzetu wa Gazi, Kwale nchini Kenya, wamefanya tangu 2013 na hekta 117, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule.

Swali ambalo hukuniuliza ni maganda ya korosho, nami nawajua watu wa Mtwara, mtalifikia. Mkitengeneza mkaa mbadala kutokana na maganda na ukachomwa jikoni, kaboni yote inarudi angani. Faida yake ni kuokoa mkaa wa miti tu. Maganda yakichomwa kitaalamu kwa hewa kidogo na mkaa wake ukafukiwa shambani, hapo kaboni inakaa ardhini miaka mingi, na hati zake hununuliwa kwa bei ya juu zaidi, mara nyingi zaidi ya dola 100 kwa tani. Lakini mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi na moshi wake unaumiza kifua. Msijaribu uani kwa pipa. Huo ni mradi wenye mitambo na wataalamu.

Kisheria, tangu kanuni za biashara ya kaboni za 2022, zilizorekebishwa 2023, hakuna mradi halali Tanzania usiopitia Ofisi ya Makamu wa Rais na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mwombeni yule bwana barua yake kutoka huko pamoja na namba ya mradi kwenye daftari la usajili. Madaftari hayo yako wazi mtandaoni, kijana yeyote mwenye simu atalifungua. Akianza kuzungukazunguka, jibu mmelipata.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kabla ya kusaini mkataba wowote, mpelekeeni wakili ausome mbele yenu kwa Kiswahili, kipengele kwa kipengele. Mkiwa mmesajiliwa halmashauri tu kama kikundi, mwulizeni pia kama mnahitaji kuwa ushirika au kampuni ili muweze kumiliki haki hizo. Afisa maendeleo ya jamii na afisa mazingira wa halmashauri yenu waelezeni mapema. Na kama mmekwisha kutoa fedha yoyote kwa huyo mtu, nendeni polisi na risiti kabla hajahama mji.

Wakati mnasubiri, nunueni mzani mmoja wa kuning'iniza. Chagueni nyumba 30, zenye jiko lenu na zisizo nalo, mpime kuni siku tatu mfululizo, mwandike na idadi ya waliokula, na kila mara mafiga ya zamani yanapowashwa yaandikwe bila aibu. Fanyeni hivyo sasa kabla ya msimu wa korosho, maana msimu ukianza watu wanahamia mashambani na kupika huko, na mvua zikija kuni zitakuwa mbichi na vipimo vyote vitapotoka. Pimeni pia upana wa ile sufuria ya ming'oko.